Hiyo milioni 6 kwenye slaidi ya tatu si yako, iondoe

Ndugu yangu, umeomba ushauri kuhusu slaidi utakazowaonyesha wawekezaji; rangi na idadi yake ziache kwanza. Umesema kampuni yako inaunganisha wenye mizigo wa soko la Kongowea, Mombasa, na madereva wa tuktuk, na kwenye slaidi ya tatu umeweka "mapato ya mwaka: milioni 6". Chini yake umeeleza mwenyewe kwamba dereva huondoka na asilimia 85 ya nauli. Kwa hiyo pesa yako ni laki 9. Hizo nyingine ni za madereva.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu slaidi kama hiyo ndiyo iliyotukosesha mtaji. Sisi tulikuwa tukipeleka samaki wa wavuvi kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi. Hoteli ikilipa shilingi 1,000, mvuvi anapata 880, kwetu zinabaki 120, na humo humo mna barafu na boda. Bei alipanga mvuvi. Samaki akikataliwa jikoni, hasara ni ya mvuvi. Hakuwahi kuwa samaki wetu hata dakika moja! Lakini mshauri tuliyemlipa atuandalie wasilisho akajumlisha kila shilingi iliyopita kwenye akaunti, akaiita mapato, akatuambia wawekezaji hawashughuliki na namba ndogo. Kwa hesabu yake, makanga wa matatu ya Likoni ni tajiri kuliko mwenye gari, maana pesa zote hupita mkononi mwake.

Siku ya wasilisho ilikwenda vizuri, wawekezaji wakatabasamu. Kilichotumaliza kilikuja baadaye, walipoomba taarifa za benki na M-Pesa, mikataba, na ritani, yaani taarifa za kodi tulizopeleka KRA, mamlaka ya mapato. Ritani zilionyesha kamisheni tu, kama ipasavyo. Slaidi ilionyesha zaidi ya mara nane yake. Mwekezaji akikuta hivyo anajiuliza: huyu ananidanganya mimi, au anaidanganya KRA? Lolote atakaloamua, umeshatoka. Hawakugomba hata kidogo, waliacha tu kujibu barua pepe. Na yule mshauri, ambaye ada yake alishaichukua mapema, akatuambia eti siku hizi mitaji ni migumu. Mtu amekuharibia jina mbele ya watu wenye pesa, halafu anakupa pole ya hali ya hewa. Nina hasira naye mpaka leo.

Kwako litakuwa zito zaidi. Kubeba mizigo kwa kawaida hutozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na sheria inataka usajiliwe mauzo yanayotozwa kodi yakifika milioni 5 kwa mwaka. Ukiandika milioni 6, utaulizwa cheti cha VAT kiko wapi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 15, inayotumika tangu 2018, nayo iko wazi: ukiwa wakala, mapato yako ni kamisheni.

Milioni 6 unaweza kuionyesha, lakini iite jina lake: thamani ya safari zilizopita kwetu. Inathibitisha kwamba watu wanaitumia huduma yenu. Juu yake, kwa herufi kubwa zaidi, weka mapato: laki 9. Kisha chukua safari moja tu, tuseme magunia ya viazi kutoka Kongowea hadi Mikindani, uichambue: mteja amelipa ngapi, dereva kachukua ngapi, ada ya M-Pesa, simu za kupokea oda, fidia ya mzigo ulioharibika. Zikibaki shilingi 20, andika 20. Mwekezaji akijua 20 hiyo imetoka wapi atakuuliza itafikaje 40, na hapo mnaanza kuzungumza biashara.

Kuhusu Kiingereza au Kiswahili, tumia lugha ambayo ukikatizwa katikati ya hesabu hutayumba.

Umesema unawaona wawekezaji Alhamisi. Leo hii vuta taarifa za M-Pesa za miezi 12, ondoa kila kilichokwenda kwa madereva, kinachobaki ukilinganishe na ritani uliyopeleka. Visipolingana, waombe wasogeze siku.