Jenereta halikuwa mchawi wangu

Mwaka jana niliingia gharama ya jenereta jipya kwa sababu moja tu: kelele. Karakana yangu ya useremala ipo Keko, Dar es Salaam, na ilifika mahali mafundi wanaongea kwa ishara kama mabubu. Mchawi nilimwona mlangoni, lile jenereta la zamani linalonguruma kila umeme ukikatika. Nikanunua jipya, lililofungiwa ndani ya sanduku la kuzuia kelele. Muuzaji akaniapia kuwa kelele itapungua nusu. Tukawasha, mashine zote zikaingia kazini, nikasimama kwenye meza yangu kusikiliza. Kelele ni ileile.

Nikaazima kipima sauti, nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kutoa hela: nikapima kila mashine peke yake, nyingine zote zikiwa zimezimwa, nikiwa palepale mezani, kipimo kikiwa kwenye A, yaani mpangilio unaofuata jinsi sikio linavyosikia. Mashine ya randa desibeli 96, msumeno wa duara 93, kompresa 84. Jenereta la zamani, ambalo nilikuwa bado sijaliuza, 85. Jipya 76.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kujumlisha: 96 na 93 ni 189. Ingekuwa hivyo paa la bati lingeruka. Desibeli ni kipimo cha logi (logarithm), kwa hiyo hazijumlishwi kama shilingi. Unazirudisha kwanza kwenye nguvu ya sauti: gawanya kila kipimo kwa 10, fanya 10 kwa kipeo cha jibu hilo, jumlisha zote, tafuta logi ya jumla, kisha zidisha kwa 10. Kikokotoo cha simu kinatosha, kigeuze tu kiwe kile cha kisayansi.

Kwa mashine zangu, pamoja na jenereta la zamani, jibu ni 98.2. Kwa jenereta jipya ni 98.0. Zile hela zote zilininunulia desibeli 0.2! Muuzaji hakudanganya sana kuhusu jenereta lenyewe. Mimi ndiye niliyesahau kuwa limekaa jirani na randa.

Kama huna hamu ya logi, kuna njia ya mafundi. Chukua vipimo viwili, angalia tofauti yake. Ikiwa 0 au 1, ongeza 3 kwenye kile kikubwa. Ikiwa 2 au 3, ongeza 2. Ikiwa 4 hadi 9, ongeza 1. Ikifika 10 na kuendelea, kidogo kiache. Anzia na vipimo vidogo ukipanda juu: 84 na 85 ni 88, 88 na 93 ni 94, 94 na 96 ni 98. Ukianzia juu utavitupa vidogo kimoja kimoja, na vidogo vikiwa vingi vina nguvu zake. Mashine kumi za desibeli 80 kila moja zinakupa 90.

Usiseme desibeli 3 ni kidogo. Sikio halizioni sana, lakini nguvu ya sauti imezidi mara mbili. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 98.2 ni kama dakika 23. Sisi tulikuwa tunakaa kutwa.

Programu za simu zinafaa kulinganisha mashine na mashine. Usiziamini sana kwenye kelele kubwa. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa maongezi.

Basi nikaigeukia randa. Visu vyake vilikuwa butu, nikavinoa, nikaweka mpira chini ya miguu, halafu nikaijengea chumba chake cha tofali chenye mlango mzito. Mezani kwangu sasa inasikika 82, na jumla imeshuka hadi 94. Fundi anayeingia humo havui vizibo vya masikio, na sisi wa nje pia tunavaa, maana 94 bado ni saa moja tu kwa siku.

Sasa ninautazama msumeno kwa jicho baya. Nimeshaupigia hesabu: ukitoka pale ulipo, ninabaki na 86.5.