Usiitoe plastiki mapema

Dadangu, hivyo vidani mlivyokata na watoto kwenye plastiki mkavichoma vinywee, kujikunja ndani ya oveni sio kwamba vimeharibika, ndivyo inavyokuwa, uliwahi tu kuvitoa, ungengoja kidogo vinajilaza vyenyewe, na kikibaki kimepinda kikandamize na kitabu kingali moto (wewe, sio mtoto). Tundu toboeni kwa panchi kabla ya kuchoma, nalo liwe kubwa maana kitu chote kinanywea mpaka chini ya nusu. Plastiki yenyewe mimi hutumia vifuniko vya keki, ila angalia kuwe na namba 6 kwenye ile alama ya pembetatu ya kuonyesha aina ya plastiki, nyengine usijaribu. Moto wa oveni kama nyuzi 160 za Selsiasi, madirisha wazi, na kwa joto hili letu la Mombasa fanyeni jioni jamani. Rangi pakeni hafifu, zikishanywea zinakolea.