Anza na Mzee Ambaye Hakufika Kituoni

Mwaka wangu wa kwanza katika utafiti wa afya nilikaa wiki tatu kwenye benchi la kituo cha afya cha ngazi ya tatu, kusini mwa Uganda, nikiwahoji wazee waliokuwa wakisubiri kuonwa na tabibu. Madodoso yalijaa, majibu yalinyooka, nami nikarudi Kampala nikiamini kwamba nimepima jinsi wazee wa eneo lile wanavyopata huduma. Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili, akaniuliza: wale ambao hawakufika wako wapi? Kila niliyemhoji alikuwa ameshashinda umbali, nauli na maumivu ya magoti. Ninyi mnaoingia katika kazi hii sasa, iwe ni kwa shahada ya kwanza au kwa mradi wa kuajiriwa, chukueni swali hilo kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa pendekezo la utafiti.

Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya mwezi Machi 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali, na mtafiti anayeanza hupata urahisi wa kuandika kwamba gharama si kikwazo tena. Fuateni safari nzima ya mzee mmoja, tangu anapoamka mpaka anaporudi kitandani, mtaona gharama zimehamia wapi: nauli ya boda boda ya watu wawili, kwa kuwa hawezi kwenda peke yake, siku ya kibarua anayoipoteza mjukuu anayemsindikiza, na dawa anayoambiwa akainunue dukani kwa sababu kituoni imekwisha. Mwaka 1981 watafiti Penchansky na Thomas waligawa upatikanaji wa huduma katika mambo matano, yaani kuwepo kwa huduma, umbali wake, namna ilivyopangwa, uwezo wa mtu kuilipia, na kukubalika kwake mbele ya mtu huyo. Kwa wazee, mimi nimeona hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Foleni inayoanza alfajiri, benchi lisilo na egemeo, choo kilicho upande wa pili wa uwanja na jina linaloitwa mara moja tu kwa sauti ya chini humrudisha mzee nyumbani bila kutibiwa, na hakuna rejista inayomwandika.

Bibi mmoja alinionyesha daftari lake la kliniki, lile la shule lenye jalada jembamba ambalo wagonjwa wengi hapa hulinunua wenyewe ili tabibu aandikemo. Alilitunza ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na kipimo cha shinikizo la damu, jina la dawa, na neno la kumtaka akainunue. Baada ya hapo kurasa zote zilikuwa nyeupe. Nilipomuuliza kama anatumia huduma za kituo alijibu ndiyo, bila kusita, maana aliwahi kwenda. Tangu siku hiyo sikubali jibu la ndiyo peke yake. Huomba kuona daftari, kwa ruhusa ya mwenyewe, na huhesabu miezi tangu tarehe ya mwisho.

Umri nao unahitaji subira. Sera ya Uganda humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, lakini ruzuku ya wazee inayojulikana kwa jina la SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80 na kuendelea, na umri unaoangaliwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa. Wazee wengi walizaliwa pasipo cheti, na mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia. Tumieni kalenda ya matukio: alikuwa na ukubwa gani Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, alipopelekwa uhamishoni mwaka 1953, na aliporudi 1955? Alikuwa ameshaolewa siku ya uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962? Alikuwa na watoto wangapi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971? Andikeni umri wa kitambulisho na ule wa kalenda, kila mmoja mahali pake, wala msijaribu kusahihisha. Tena mwambieni mapema, kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba hamkuja kuandikisha watu wa ruzuku. Mzee anayekubali kuhojiwa kwa tumaini la fedha hajatoa ridhaa ya kweli, hata kama alama ya dole gumba iko kwenye fomu na shahidi ametia sahihi.

Sehemu ya afya ya akili ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake unaanzia kwenye maneno. Watafiti waliofanya kazi Rakai na Masaka, ambao matokeo ya tiba yao ya vikundi katika vijiji 30 yalichapishwa mwaka 2003, walianza kwa kuwauliza wenyeji wenyewe ni mateso gani yanayowapata, wakapewa maneno mawili ya Kiganda: okwekyawa, hali ya mtu kujichukia, na okwekubazida, hali ya kujihurumia. Hayo ndiyo waliyoyapima, pamoja na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, zinazojulikana vitabuni. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna jukumu letu hapa. Neno sonona halijulikani kwa wazee wengi wa Uganda wanaoongea Kiswahili. Mzee wa Koboko, au mkimbizi kutoka Kongo aliyeko Nakivale, atawaambia ana mawazo mengi au moyo wake ni mzito. Na ingawa Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, bado katika Buganda wako wazee wanaokisikia kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mzee wa namna hiyo ahojiwe kwa Kiganda, na mtu anayekijua tangu utotoni.

Dodoso la PHQ-9, linalotumika kupima sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kati ya hayo kuna uchovu, usingizi na hamu ya kula. Kwa mtu wa miaka 75 mwenye maumivu ya viungo, alama za maswali hayo zinaweza kupanda kwa sababu ya mwili peke yake, kwa hiyo ulizeni sababu na mwiandike pembeni. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Msiliulize kamwe mkwe akiwa amesimama mlangoni, wala kabla hamjajua mhudumu gani wa afya atampokea mzee huyo siku hiyo hiyo, maana kwa miaka mingi sheria ya adhabu imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanalijua hilo. Msianze mazungumzo kwa kutaja Butabika pia, hospitali ya wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo, iliyojengwa mwaka 1955, inatibu watu wengi, lakini jina lake limegeuzwa tusi mitaani, na mzee akilisikia ataona mmemweka miongoni mwa wendawazimu.

Kuhusu vibali, kamati ya maadili ya utafiti hutangulia, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Tengeni miezi ya kusubiri.

Mkifika kijijini, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atawapa orodha ya kaya. Ipokeeni kwa heshima, kisha mketi na mama au baba wa timu ya afya ya kijiji mkamuulize ni mzee gani ambaye hajaonekana kanisani au msikitini tangu mvua zianze. Atatulia kidogo, atataja nyumba mbili, kisha atakumbuka ya tatu, ile iliyo nyuma ya migomba ambayo haimo kwenye orodha. Mahojiano yenu ya kwanza yafanyieni huko.