Slaidi 90 hazimfundishi nahodha

Mwezi huu tumepokea maswali matatu kuhusu kutengeneza kozi za kusomea kwenye kompyuta: moja kutoka Lamu, mawili kutoka Malindi.

SWALI: Assalaam aleikum. Chama chetu cha waendesha boti kina kompyuta 6 na wanachama 24 wa kufundishwa usalama baharini. Wengi ni watu wazima, na baadhi husoma polepole. Tulichapa maelezo yote ya mkufunzi, yakawa slaidi 90. Watu wanabonyeza "mbele, mbele" na baada ya dakika 20 wamemaliza, lakini ukiwauliza hawana jibu. Tumekosea wapi? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam. Mlianza na maelezo ya mkufunzi, na maelezo hayo aliyaandika ajikumbushe mwenyewe. Yawekeni kando kwanza. Andikeni yale ambayo nahodha atayafanya gatini akishamaliza kozi. "Ajue usalama" hakipimiki. "Ahesabu jaketi za kuokoa maisha kabla abiria hawajapanda" kinapimika, maana utasimama pale gatini umtazame. Mkipata vitendo vinane au kumi, inatosha. Kisha waulizeni manahodha wazoefu watatu, kila mmoja peke yake: katika kitendo hiki watu hukosea wapi? Majibu yao ndiyo kozi yenu. Slaidi isiyogusa kosa lolote kati ya hayo itoeni, na msishangae zikibaki 30.

Kila somo lianze na tukio, maelezo yafuate. Kwa mfano: ni mwezi wa saba, kusi inavuma, unakwenda Faza. Maji yanakupwa, na ukichelewa mkondo wa Mkanda hautapitika. Boti yako ina leseni ya abiria 12, wamefika 14, na wawili kati yao ni shemeji zako. Unafanyaje? Wekeni njia tatu, na kila njia ioneshe kinachofuata: boti imezama kiasi gani majini, wimbi la kwanza linaingia upande upi, jaketi zimepungua ngapi. Jibu la "Umekosea, jaribu tena" halimfundishi mtu aliyeshika usukani miaka 20, linamkera tu. Mmarekani Malcolm Knowles alisisitiza jambo hilohilo kuhusu watu wazima: huja darasani na uzoefu wao, na hutaka kutatua shida ya leo. Programu ya H5P, ambayo ni ya bure, ina aina ya zoezi lenye matawi namna hii.

Kuhusu kubonyeza ovyo, wengi huifunga slaidi isisogee mbele kwa sekunde 30. Haisaidii, mtu atakwenda zake kunywa kahawa arudi. Mlango wa kuendelea uwe jibu la swali badala ya saa.

Kwa wanaosoma polepole, tumieni picha na sauti, na kwenye skrini yabaki maneno machache makuu. Msiandike aya nzima kisha sauti iisome ileile: jicho na sikio hukimbizana, na msomaji wa polepole ndiye anayeachwa nyuma. Epukeni pia mazoezi ya kuburuta vitu kwa kipanya. Mtu anaweza kulijua jibu vizuri kisha akashindwa kulifikisha mahali pake, nanyi mkampa sifuri ya usalama kwa kosa la kipanya.

Kompyuta 6 kwa watu 24 si haba. Wakae wawiliwawili, watu 12 kwa zamu, wakipokezana kipanya kila tukio linapokwisha. Mabishano yao ni sehemu ya somo. Wale 12 wengine wawe nje na jaketi na kamba halisi. Saa tatu za mafunzo zigawanyeni siku nne, na kila siku ianze na maswali matatu ya siku iliyopita. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha tangu 1885 jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia.

Kabla ya kuizindua, wakalisheni watu watano ambao hawamo kwenye kamati. Mnyamaze kabisa, na mwandike kila mahali kidole kinapositasita.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanapata 70 kwenye majaribio ya kompyuta, lakini kwenye karatasi wanaanguka. Natumia maswali 10 ya kweli au si kweli. – Mwalimu wa hisabati, Malindi

JIBU: Mwalimu, anayebahatisha tu ana nafasi ya takriban asilimia 17 ya kupata 7 au zaidi kati ya 10. Ukiweka majibu matatu ya kuchagua, nafasi hiyo inashuka hadi karibu asilimia 2. Yakiwa manne, haifiki nusu ya asilimia moja. Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama majibu ya uongo yanashawishi, kwa hiyo yachukue kwenye daftari za wanafunzi wenyewe. Shati la shilingi 800 limepunguzwa asilimia 15, linauzwa ngapi? Jibu ni 680. Weka 120 (ameishia kwenye punguzo), 785 (ametoa shilingi 15) na 920 (ameongeza). Sasa kila kosa linakwambia la kufundisha kesho, na kompyuta inaweza kumjibu anayechagua 120: "Hilo ni punguzo. Mnunuzi anabaki kulipa ngapi?"

Angalia pia jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko yote; watoto huligundua hilo mapema. Andika maswali 30, kompyuta ichague 10 kwa kila mwanafunzi na ichanganye mpangilio. Moodle, programu ya kuendeshea kozi na majaribio, inafanya hivyo, hata ikiwa imewekwa kwenye kompyuta moja ya darasa bila intaneti.

SWALI: Wafanyakazi wa hoteli wanasomea kwenye simu. Vidio zinamaliza bando, na mtu akitoka kwenye kozi akirudi anaanza upya. – Mkufunzi, Malindi

JIBU: Vidio ya dakika 5 yenye kilobiti 500 kwa sekunde, pamoja na sauti ya kilobiti 64, ni kama megabaiti 21. Picha tulivu na sauti hiyohiyo ni megabaiti 2 na ushei, ukiongeza uzito wa picha. Acha vidio kwa mambo yanayohitaji mwendo, kama kutandika kitanda; orodha ya vinywaji haihitaji.

Kuhusu kuanza upya, chunguza kwanza kama wanafunga ukurasa bila kubonyeza "Toka", maana kozi nyingine huhifadhi hapo tu. Kama sivyo, angalia kama faili lako ni la SCORM 1.2, yaani kiwango cha kufungasha kozi ili mfumo wa mafunzo uweze kuiendesha. Kiwango hicho cha 2001 kinatenga herufi 4,096 tu za kukumbuka mwanafunzi alipofikia. Kozi ndefu yenye maswali mengi huzijaza, na kuanzia hapo haihifadhi tena. Ikate kozi vipande vya dakika 10, kila kimoja faili lake.