Jibu: Fizi za mtoto kufunika meno kama za babake

Dadangu wa Shela, umeuliza mbona fizi za mwanao zamea hadi zafunika meno kama za babake; hao wanaokwambia eti mtoto humpigi mswaki vizuri wapuuze, kama babake na nyanyake walikuwa hivyohivyo basi hiyo yaonekana ya kurithi. Ndani ya fizi mna seli zaitwa faibroblasti, kazi yao kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazokaza nyama, sasa za mwanao zatengeneza kupita kiasi na ile ya zamani haivunjwi haraka, nyama yajaa tu, ngumu. Familia zingine ni jeni (maagizo ya mwili yanayorithiwa) iitwayo SOS1 ina hitilafu, yaiamrisha seli igawanyike ovyo, na mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana asilimia 50 ya kuipata. Daktari wa meno huikata ile nyama, ila yaweza kurudi. Lakini hebu sema kwanza, mtoto hamezi dawa ya kifafa? Fenitoini, mojawapo ya dawa hizo, nayo hujaza fizi vivyo hivyo.