Ukitaka kufundisha picha za jua, jaribu maji kwanza

Warsha yangu ya kwanza ya sianotaipu, yaani picha za bluu zinazochapwa kwa dawa na jua bila kamera, hapa Mikindani, Mtwara, iliharibikia kwenye beseni. Vijana 12, karatasi zimepakwa dawa tangu usiku, jua la Oktoba limesimama utosini, mambo yote yakaenda sawa hadi tulipozitosa picha majini. Bluu ikatokea, ikakaa kidogo, ikaanza kuchuja. Nusu saa baadaye tulibaki na picha zilizopauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Binti mmoja, aliyepanga majani yake ya kisamvu kwa subira kuliko wote, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Nilikuwa nimeteka maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Rangi ya sianotaipu ni bluu ya Prussia, rangi inayotokana na chuma. Inavumilia mengi, ila haipatani na chokaa, magadi wala sabuni. Maelekezo niliyojifunzia yalisema tu "osha kwa maji safi", na maji yangu yalikuwa safi, tunapikia kila siku.

Kwa hiyo ukiwa Mtwara, Lindi au popote pwani, fanya jaribio hili siku moja kabla ya kuita watu. Paka karatasi moja, ianike juani, kisha ikate vipande vitatu chumbani. Kimoja kioshe kwa maji yako, kimoja kwa maji ya mvua, kimoja kwa maji yako uliyoyakamulia ndimu. Mimi hutia ndimu nne kwenye lita 10, na huo ndio muosho wa kwanza. Subiri nusu saa, kisha vilaze sambamba. Huhitaji kipimo chochote, macho yatakuambia. Baada ya muosho wa ndimu, suuza kwa maji ya mvua hadi umanjano uishe kabisa. Siku hizi nakinga mvua kwenye mapipa mawili kwa kazi hii tu.

Dawa zenyewe ni mbili, na vipimo vyake ni vya zamani. Gramu 25 za feriki amoniamu sitreti, ile ya kijani, kwenye mililita 100 za maji. Gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine. Chupa ziwe nyeusi na zikae mbalimbali. Siku ya kupaka unachanganya nusu kwa nusu. Mililita mbili zinatosha karatasi moja ya A4, hivyo chupa zako mbili zitatoa karatasi kama 100. Kwa joto letu chupa ya kwanza huota ukungu. Uengue kwa pamba, dawa bado ni nzima.

Wazazi wakisikia "sianidi", jina la sumu kali, wanashtuka, na wana haki ya kuuliza. Waeleze bila kuficha: katika dawa hii sianidi imefungamana na chuma, na kwa matumizi ya kawaida si ya kuogopwa, lakini isichemshwe, na isikutane na asidi kali kama maji ya betri. Ndimu kwenye beseni ni asidi hafifu, haina neno. Glavu zivaliwe, na vyombo visirudi jikoni. Picha za chumvi na fedha, njia nyingine ya kuchapa kwa jua, mimi siwafundishi watoto kabisa, kwa sababu dawa yake, nitreti ya fedha, ikirukia jicho inaweza kulipofua.

Njia ya sianotaipu aliigundua John Herschel, Mwingereza, mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani wa Uingereza, kila ukurasa umechapwa kwa jua, na wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha za namna hiyo. Niliposimulia habari hiyo, mama mmoja anayelima mwani aliniambia, "Mwanangu, subiri kesho maji yakitoka." Akarudi na kapu. Nikachukua ule mwani mnene anaouza, yeye akanizuia mkono. "Huo utaziba jua lote. Chukua huu mchafu."

Alimaanisha ule mwembamba kama nywele unaong'ang'ania kamba za mwani, ambao wakulima huubandua na kuutupa. Tukauacha uelee kwenye sahani ya maji, tukaupenyezea karatasi ya kawaida kwa chini, tukauinua taratibu ukiwa umetandaa. Tukaukandamiza kati ya magazeti, chini ya matofali, siku mbili. Usiruke hatua hiyo, maana mwani mbichi hulowesha dawa na kuacha madoa. Ulipokauka tukauweka juu ya karatasi yenye dawa, kioo juu, vibanio vya nguo pembeni, dakika saba juani. Karatasi ilitoka na rangi ya shaba iliyofifia, hakuna cha kupendeza. Kisha ikaingia kwenye maji ya ndimu. Umanjano ukatiririka kama chai ya rangi, bluu ikapanda nyuma yake, na kila unywele wa mwani ukabaki mweupe, matawi yake madogo yakihesabika. Yule mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Na mimi huu naukanyaga kila siku."

Ushauri wangu kwa waandaaji ni huu: siku moja, njia moja. Wengine huahidi sianotaipu, kamera ya mkebe wenye tundu na picha za juisi ya mimea kwa pamoja, watu wanarudi nyumbani hawajashika hata moja. Chukua watu wasiozidi 12, kila mmoja achape mara tatu, kwa sababu ya kwanza ni ya kushangaa tu.

Wakati wa mvua, unyevu huibadilisha karatasi iliyopakwa ikaanza kuwa ya kijani kibichi kabla haijaona jua. Paka usiku, kausha kwa feni, tumia kesho yake asubuhi. Wingu likitanda, dakika saba huwa ishirini na zaidi. Anayetaka kuchapa kwenye kitambaa, mrekani ni mzuri sana, ila ufue kwanza wanga wote utoke, na ukishachapwa usiguswe na sabuni ya unga.

Washiriki huwa wananiuliza kama bluu itadumu. Picha ikitundikwa panapopigwa na jua itafifia. Ikifika hapo, itoe ukutani uiweke kabatini gizani siku kadhaa, bluu hurudi.