Jibu: Panga na kibaka anayekimbia

Ndugu yangu, umeuliza kama muuza dagaa anayewahi mwalo wa Kirumba hapa Mwanza kabla ya mapambazuko anaweza kumkata kwa panga kibaka aliyempora simu na kuanza kukimbia. Kwa maoni yangu hawezi, kwa kuwa hatari kwa mwili wake imekwisha pale kibaka alipogeuza mgongo, na kinachobaki ni hasira.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inamruhusu anayejitetea kutumia nguvu ya kadiri inayohitajika kujikinga tu. Akizidisha na mtu akafa, anakuwa ametenda kosa la kuua bila kukusudia. Mambo yangekuwa tofauti kama kibaka huyo angekuwa amemwekea kisu shingoni, kwani mwenye sababu za msingi za kuhofia uhai wake au kudhurika vibaya anaweza kujitetea hata kwa pigo linaloua. Mshambuliaji akishaanguka na kisu kumtoka mkononi, pigo linalofuata huwa gumu sana kulieleza mbele ya hakimu, na sisi wa Mwanza tuliozoea kelele za "mwizi!" huwa tunalisahau hilo upesi.